Je, Wajua? Maswali Saba Kabla ya Kisu

Mtu akitoka thieta, wageni wote huuliza jambo moja: kidonda kinaendeleaje? Leo sogea hapa kwenye benchi tuulizane la pili: na mapafu je? Utastaajabu ni mangapi yanayoweza kujulikana mapema, tena kwa maswali machache tu.

Kwanza, hazina uliyoibeba kifuani

Je, wajua una vifuko vya hewa karibu milioni 480 kifuani mwako? Vyote vikikunjuliwa na kutandazwa chini, vinafunika takriban mita 70 za mraba. Hiyo ni nyumba nzima, sebule na vyumba, umeikunja ndani ya mbavu!

Ukuta unaotenganisha hewa na damu katika vifuko hivyo haufiki unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita. Ng'oa unywele mmoja uutazame. Huo ni mnene kuliko ukuta huo mara 50 na zaidi.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Zidisha mwenyewe: hata ukishika hiyo 12, kufika kesho saa kama hizi utakuwa umepumua mara 17,280. Na hukuhesabu hata moja!

Umewahi kujikuta umeshusha pumzi ndefu bila sababu? Usidhani ni huzuni. Kila baada ya dakika 5 hivi mwili huvuta pumzi moja kubwa, karibu maradufu ya kawaida, ili kufungua upya vifuko vilivyoanza kusinyaa.

Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili tu. La kushoto limejibana kidogo, limeuachia moyo nafasi ya kukaa. Ujirani mwema huo!

Mrija wa hewa wa kulia umesimama wima zaidi kuliko wa kushoto. Ndiyo maana mtoto akipaliwa na punje ya karanga, mara nyingi huangukia pafu la kulia. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Nusu kaputi ikiingia

Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, William Morton alimlaza mgonjwa kwa etha mbele ya madaktari, na uvimbe ukakatwa shingoni. Mwaka huohuo, London, John Hutchinson alitangaza chombo chake cha kupimia pumzi, baada ya kuwapima watu zaidi ya 2,000. Usingizi wa thieta na kipimo cha mapafu ni kama pacha!

Jaribu kulala chali. Kwa kulala tu, hewa inayobaki mapafuni baada ya kutoa pumzi hupungua kwa karibu lita nzima. Nusu kaputi ikiingia, karibu nusu lita nyingine inaondoka.

Sikia hii: kati ya kila watu 10 wanaolazwa kwa nusu kaputi, takriban 9 husinyaa sehemu fulani ya mapafu. Tena huanza ndani ya dakika chache tu, kabla hata kisu hakijagusa ngozi. Kwa wengi hufunguka baadaye. Kwa wachache, nimonia hujipenyeza hapohapo.

Chini ya mapafu kuna msuli mpana uitwao kiwambo, nao ndio unaofanya kazi kubwa ya kuvuta hewa. Ukipasuliwa tumbo upande wa juu, msuli huo unaweza kulegea hata wiki nzima. Cha ajabu, kisu hakikuugusa!

Basi kanuni ni hii: kadiri mshono unavyokaribia kiwambo, ndivyo mapafu yanavyokuwa hatarini. Goti hadi kiwambo ni safari ndefu. Kibofu cha nyongo ni jirani wa mlango wa pili.

Unajua dawa ya kulegeza misuli thieta ilitoka wapi? Kwenye sumu ya mishale ya wawindaji wa Amerika Kusini! Mwaka 1942, mjini Montreal, Harold Griffith aliitumia katika upasuaji, na kazi ya madaktari wa usingizi ikabadilika.

Lakini mabaki ya dawa hiyo yakibaki mwilini, mgonjwa huamka hana nguvu za kukohoa. Kwa hiyo mtaalamu humpiga vimshtuko vinne vidogo kwenye mshipa wa fahamu wa mkono na kutazama kidole gumba. Mruko wa nne ukifikia asilimia 90 ya ule wa kwanza, hapo ndipo mrija wa koo unapotolewa kwa amani.

Mwaka 1946 daktari Curtis Mendelson wa New York alichunguza akina mama 44,016 waliojifungua. Akawakuta 66 ambao vilivyokuwa tumboni vilipanda na kuingia mapafuni wakiwa usingizini. Sasa unajua kwa nini nesi anakwambia usile!

Kanuni ya kawaida: chakula chepesi, mwisho saa 6 kabla ya usingizi, maji na vinywaji vinavyopitisha mwanga, mwisho saa 2. Chai ya rangi iko kundi la maji. Tia maziwa kidogo tu, imeshakuwa chakula!

Na kikipanda kikateleza, kitaangukia wapi zaidi? Umekumbuka: kulia!

Sasa, maswali saba

Mwaka 2006, huko Katalunya nchini Hispania, hospitali 59 ziliwafuatilia wagonjwa 2,464 wa upasuaji. Swali lilikuwa moja: ni nani mapafu yake yatamsumbua? Mwaka 2010 Jaume Canet na wenzake wakatoa jibu lenye maswali saba tu, likaitwa ARISCAT.

Shika kalamu, tuhesabu pamoja. Swali la kwanza, umri: miaka 51 hadi 80 ni alama 3, zaidi ya 80 ni alama 16. Yaani anayetimiza miaka 81 anaongezewa alama 13 kwa siku moja!

La pili, oksijeni kwenye damu ukiwa umetulia. Asilimia 96 na kuendelea, sifuri. 91 hadi 95, alama 8. 90 au chini yake, alama 24. Alama hizohizo 24 ndizo anazopewa mtu anayepasuliwa ndani ya kifua!

La tatu litakushangaza: je, mwezi uliopita ulipata maambukizi ya njia ya hewa, yakakuletea homa na kukufikisha kwenye antibayotiki? Alama 17! Homa ya kifua ya wiki tatu zilizopita inazidi uzito wa kuwa na miaka 85.

La nne, damu. Himoglobini ikipimwa ikawa gramu 10 kwa desilita au pungufu, alama 11. Nani angedhani upungufu wa damu unayahusu mapafu?

La tano, mahali pa kupasuliwa: tumbo la juu alama 15, ndani ya kifua 24, kwingineko sifuri. Unakumbuka safari ya kutoka goti hadi kiwambo? Ndiyo hiyo, sasa ina namba!

La sita, muda. Zaidi ya saa 2 hadi 3 ni alama 16. Ukipita saa 3, alama 23. La saba, dharura: alama 8. Basi, umemaliza!

Jumla yako chini ya 26? Kati ya wagonjwa 100 kama wewe, chini ya 2 ndio walioumwa mapafu. Ikiwa 26 hadi 44, ni 13. Ikiwa 45 au zaidi, ni 42. Ona namba zinavyoruka!

Kwa jumla, kati ya wagonjwa 100 wa Katalunya, 5 walipata matatizo ya mapafu. Kati ya hao waliopata, asilimia 19.5 walifariki ndani ya siku 30. Kati ya ambao hawakupata, asilimia 0.5 tu. Ndiyo maana inafaa kuuliza mapema!

Hebu tumhesabie mama wa miaka 60 anayetolewa kibofu cha nyongo kwa saa moja na nusu. Umri 3, tumbo la juu 15, na homa ya kifua ya wiki mbili zilizopita 17: jumla 35, hatari ya kati. Upasuaji ukiweza kusubiri hadi mwezi upite, anabaki na 18, hatari ndogo. Kalenda tu imemshusha daraja!

Umegundua kilichokosekana kwenye maswali saba? Sigara! Wavutaji huumwa mapafu zaidi baada ya upasuaji, hilo halina ubishi. Ila mapafu yaliyochoka hujitaja yenyewe pale kidole kinapopimwa oksijeni.

Na unene? Mwaka 2006 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilipitia ushahidi na kukuta kwamba unene peke yake hauongezi hatari hii kwa kiasi kikubwa. Wengi wetu tungeapa kinyume chake!

Vipimo visivyohitaji mashine kubwa

Kile kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni kilitokana na wazo la mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, mwaka 1974. Hupitisha aina mbili za mwanga kwenye kidole na kulinganisha upi umemezwa zaidi. Hakuna sindano wala tone la damu!

Mwaka 1959 madaktari wa Marekani walitangaza kipimo cha njiti ya kiberiti. Njiti inayowaka hushikwa sentimita 15 kutoka mdomoni, nawe unaizima kwa pumzi huku mdomo uko wazi, bila kubana midomo. Asiyeweza, mapafu yake yana tatizo kubwa.

Ngazi nazo zina siri. Mwaka 2001 wagonjwa 83 waliokuwa wakisubiri upasuaji mkubwa walipandishwa ngazi. Kati ya walioshindwa hata ghorofa moja, asilimia 89 walipata matatizo ya mapafu au moyo baadaye. Waliofika ghorofa ya saba? Hakuna hata mmoja!

Unakoroma? Dokta atataka kujua! Mwaka 2008 Frances Chung wa Toronto na wenzake walitoa maswali 8 ya kuwatambua watu ambao pumzi hukatika usingizini. Moja linapima shingo: je, inazidi sentimita 40?

Bibi hajawahi kugusa sigara, lakini amepika kwa kuni miaka 40 kwenye jiko lisilo na dirisha. Moshi huo pekee unaweza kumletea ugonjwa wa mapafu uleule wa wavutaji. Basi daktari akiuliza "unavuta?", mwambie na habari za jiko.

Ulikuwa na korona? Mwaka 2020, kati ya wagonjwa 1,128 waliopasuliwa wakiwa na virusi hivyo katika nchi 24, asilimia 51 walipata matatizo ya mapafu. Nusu nzima na ushei!

Mwaka uliofuata, watafiti walikusanya taarifa za wagonjwa 140,231 kutoka nchi 116 kutafuta muda salama wa kusubiri baada ya korona. Jibu la wakati huo likatoka: wiki 7. Ni moja ya tafiti kubwa kabisa za upasuaji duniani!

Na sasa, yanayookoa

Shika hii vizuri. Huko Australia na New Zealand, wagonjwa 441 waliokuwa wakisubiri kupasuliwa tumbo la juu waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa karatasi ya maelezo. La pili likaongezewa dakika 30 na mtaalamu wa tiba ya viungo, akiwafundisha kuvuta pumzi na kukohoa.

Matokeo? Kundi la karatasi, 27 kati ya 100 waliumwa mapafu. Kundi la dakika 30, ni 12 tu. Nusu saa moja, kabla ya upasuaji, ikapunguza hatari zaidi ya nusu!

Je, wajua mapafu yako hayanenepi? Ukiongezeka kilo 30, mapafu yanabaki yaleyale. Kwa hiyo mashine ya kupumulia hupangwa kwa urefu wako, si kwa uzito wako. Rula imeishinda mizani!

Na kipimo hicho si mchezo. Mwaka 2013, wagonjwa 400 nchini Ufaransa walilinganishwa: nusu walipuliziwa pumzi kubwa, nusu pumzi ndogo za upole na mapafu yakifunguliwa mara kwa mara. Matatizo makubwa yalishuka kutoka asilimia 27.5 hadi 10.5.

Mswaki nao ni dawa ya mapafu! Vijidudu vya mdomoni huteremka na mate hadi kifuani. Hospitali moja ya Boston ilichanganya mswaki, kukohoa, kuvuta pumzi, kuinua kichwa cha kitanda na kumtoa mgonjwa kitandani mara 3 kwa siku. Nimonia ikashuka kutoka asilimia 2.6 hadi 1.6.

Umeshonwa tumbo na unaogopa kukohoa? Kumbatia mto! Ubane juu ya mshono kwa mikono miwili, kisha kohoa. Mto wa kawaida wa kitandani unageuka kifaa cha tiba.

Na usijikaze kiume na maumivu. Mwenye maumivu hupumua juujuu na hakohoi, makohozi yakatuama. Kumwambia nesi "naumia" ni kuyalinda mapafu yako.

Ukizima sigara ya mwisho, nusu ya gesi ya sumu ya kaboni iliyo kwenye damu yako huondoka ndani ya saa 4 hadi 5 hivi. Ukilala na kuamka, damu yako inabeba oksijeni vizuri zaidi kuliko jana. Usiku mmoja tu!

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2020: acha sigara angalau wiki 4 kabla ya upasuaji. Kila wiki inayoongezeka baada ya hizo nne huboresha matokeo kwa asilimia 19. Ukipangiwa tarehe ya mbali, usinung'unike, itumie!

Na nyumbani kwetu je?

Kuna orodha ya usalama inayosomwa kwa sauti thietani, yenye vipengele 19, na kimojawapo huuliza kama kipimo cha oksijeni kiko kidoleni na kinafanya kazi. Ilijaribiwa katika miji minane ya dunia: London, Seattle, Toronto, Auckland, Manila, New Delhi, Amman na, simama uipigie makofi, Ifakara! Ndiyo, Ifakara yetu ya Morogoro!

Matokeo yalichapishwa mwaka 2009, kutoka kwa wagonjwa zaidi ya 7,600. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi moja na sauti ya mtu, na vifo karibu nusu vikaondoka!

Mwaka 2018 utafiti wa nchi 25 za Afrika uliwahesabu wagonjwa 11,422 katika hospitali 247. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 38, vijana kabisa, lakini vifo vilikuwa mara mbili ya wastani wa dunia. Hapo hatucheki, tunasikiliza.

Kwa sababu sikiliza lifuatalo: kati ya wagonjwa hao waliofariki, 94 katika kila 100 walifariki baada ya siku ya upasuaji kupita. Thieta walitoka wakiwa hai. Wodini ndiko kulikohitajika macho zaidi.

Na macho hayo ni pamoja na yako, wewe uliyebeba chupa ya uji na machungwa saa ya kuwaona wagonjwa! Ukimwona anahema haraka, midomo imebadilika rangi, au amechanganyikiwa ghafla, mwite nesi palepale. Usingoje zamu ibadilike.

La mwisho, halafu nikuache. Umewahi kutega sikio kwenye neno *pumzika*? Ndani yake mna *pumzi*! Sisi tukimwambia mgonjwa "pumzika", huwa tunamaanisha alale tuli. Mapafu yaliyotoka thieta yanataka avute hewa hadi kiuno, akohoe, aketi, atembee hadi mlangoni na kurudi, ikiwa daktari ameruhusu. Basi ukienda kumwona, mpe pole, mshike mkono, na mvute pumzi kumi ndefu pamoja. Huko ndiko kupumzika!